Mtoto Alinipigia Magoti kwa Kusema Ukweli

Admin, ficha jina langu, na kama umeigundua shule usiitaje. Kangemi watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Kinoo na mume wangu na watoto wetu wawili. Ni mwalimu kwa shule ndogo ya kibinafsi huko Kangemi, nafundisha somo la dini, na Jumapili nafundisha watoto kanisani. Mkitaka kunitukana anzieni hapo, mimi mwenyewe nishaanza.

Shuleni kwetu kuna ile mitihani tunasimamia wenyewe, halafu alama zinatumwa kwa serikali. Nilipoingia nilikuta mwalimu anapita katikati ya madawati, akifika kwa mtoto amekwama anaweka kidole juu ya jibu, anasonga. Hakuna anayesema kitu. Hedi wetu, yaani mwalimu mkuu, mzee mpole tu, alinikalisha ofisini akanielezea kwamba huo si wizi, ni kusaidia maskini. Watoto wa matajiri wa Lavington wana tuisheni na wazazi waliosoma, wa kwetu wana kidole. Akasema dhambi inategemea umesimama wapi. Nilikubali haraka sana. Nilikuwa nimetafuta kazi mpaka viatu vikaisha soli, na hayo maneno yalinifaa.

Muhula uliopita, nikipita hivyo hivyo kwenye mtihani, nikafika kwa msichana mmoja, nitamwita Neema, ana miaka kumi na moja. Mama yake anauza mboga sokoni, ni mtu wa kwetu Magharibi, na kanisani tunakaa benchi moja. Mtihani wenyewe ulikuwa, jameni, ni wa dini. Nikaweka kidole. Neema akafunika karatasi na mkono, akaniambia polepole, "Mwalimu, wacha nijaribu mwenyewe." Nilisonga masikio yakiniwaka.

Alama zilipotoka akawa nyuma ya watoto ambao yeye ndiye huwasaidia na homework. Mama akamuuliza kulikoni, na mtoto akasema ukweli, kwamba mwalimu alikuwa anaonyesha majibu na yeye akakataa. Mama akamchapa. Si mama mbaya, mnielewe. Huyo mama ametapeliwa na kila mtu hii Nairobi, ajenti wa nyumba, mtu aliyesema atampeleka kijana wake Qatar, hata pasta mmoja wa maji ya upako. Nje ya nyumba yake alikuwa amebakisha kuniamini mimi peke yangu. Angekubali aje kwamba hata huyo ni mwizi?

Jumamosi moja alasiri akabisha kwangu, Neema akiwa nyuma yake, na mfuko wa mboga ya mrenda mkononi. Akasema wamekuja kusafisha jina langu, mtoto ameanza kusingizia watumishi wa Mungu. Akamwambia apige magoti. Neema akapiga, akaangalia sakafu, akasema, "Nisamehe mwalimu, nilidanganya."

Ningesema hapo hapo. Tulikuwa watatu tu ndani ya nyumba. Lakini nikafikiria kazi, nikafikiria kanisani watasema nini, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimekusamehe, usirudie." Na sikuishia hapo. Nikamwekea mkono kichwani nikamwombea Mungu ampe roho ya ukweli, kwa sauti, mama yake akiitikia amina. Hiyo ya maombi hakuna mtu alinilazimisha, niliiongeza mwenyewe. Walipoenda nikaupika ule mrenda, na mume wangu akausifu. Naona aibu hata kuandika hivi.

Tangu siku hiyo Neema amekuwa mtoto wa "ndio mwalimu" na "sawa mwalimu." Mama yake akafurahi, akaniambia maombi yamefanya kazi. Kumbe wapi. Mwezi huu ameanza kurudi nyumbani amechelewa, mara sweta imeraruka, mara hana viatu, mara mkono una alama za kupigwa. Akiulizwa anasema ameanguka. Jana mama akanijia shuleni akilia, akaniomba nimuongeleshe, eti mimi ndiye mtoto hawezi kunificha kitu.

Nikamwita Neema watoto wengine walipotoka. Nikambembeleza, nikamwambia asiogope, amtaje tu anayempiga na mama yake atamsaidia. Neema akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Nikimwambia mama, atakuja kukuuliza wewe kama ni ukweli." Akachukua begi lake, akauliza kama anaweza kwenda. Nikamwambia aende. Nilibaki hapo kwa dawati la mtoto nikilia kama mjinga.

Jioni nikamwambia mume wangu kila kitu. Akasema niache, mtoto atasahau, na siku hizi kila mtu ana ukweli wake. Maneno ni yale yale ya hedi, na zamani yangenituliza. Jana yalinichefua.

Nikimwambia mama, kazi imeenda, na kanisani sitaangalia mtu usoni. Darasa zima linaweza kufutiwa alama, na hao watoto hawakuomba kidole changu. Na huyo mama nitakuwa nimemmalizia imani yote iliyokuwa imebaki. Nikinyamaza, kuna mtu huko njiani anaendelea kumpiga Neema, na huyo mtu ana hakika Neema hatasema, kwa sababu mimi na mama yake tulishamfundisha kunyamaza.

Kesho baada ya ibada mama ataningoja nje ya kanisa, anataka kusikia mtoto aliniambia nini. Mniseme mtakavyo, nastahili, lakini mkimaliza kunisema nishaurini. Nikisimama mbele ya huyo mama, nianze na neno gani?