Namba Iliyoshuka Mwenge

Wenzangu wa kijiweni hapa Morogoro mmeniuliza mara nyingi nilikwenda kutafuta nini Dar es Salaam wakati nina abiria wangu hapa. Nilikwenda kutafuta sababu ya kusema hapana. Teksi ninayoendesha ni ya marehemu baba, alituachia mimi na dada yangu Rehema, na miaka yote usukani umekuwa wangu. Mwaka huu Rehema alisema tuiuze tununue gari la umeme, na aendeshe yeye, maana leseni anayo na miguu yangu inavimba nikikaa sana. Nilimwambia gari la umeme ni la kutembezea watoto. Akaniambia, "Nenda ukaone, kaka. Ukirudi na sababu ya kweli, nanyamaza." Akanipa namba ya Selemani, dereva wa Chamazi aliyesoma naye. Akanishauri pia nipande treni ya umeme ili nianze kuzoea. Kwa ubishi nikapanda basi.

Saa tatu asubuhi nilishuka stendi ya Mbezi nikiwa na daftari la shule mfukoni. Selemani alikuwa akinisubiri kando ya gari dogo jeupe, lile linalokuja limetumika kutoka Japani. Mtu wa makamo, mpole, asili yake Newala. Nilivyo mimi, upole wa mtu anayesifia gari naanza kuutilia shaka. Alilala kwa kaka yake, mchonga vinyago wa Mwenge, ili awahi kunipokea. Niliuliza kwa nini asitokee kwake Chamazi. Akasema angefika na chaji kidogo. Nikaandika: kutoka Chamazi hadi Mbezi tu ni shida.

Aliwasha gari na sikusikia kitu. Kwenye dashibodi palikuwa na namba ya asilimia ya chaji, themanini na mbili. Kabla hatujaondoka akaja abiria anataka kwenda Kibaha na mizigo yake. Selemani akamwomba radhi.

"Mbona unamwacha?" nikamuuliza.

"Kibaha kwenda na kurudi itanila sana. Alasiri nina mtu wangu Chamazi, lazima nimfikie na akiba."

Kwenye milima ya Goba nilikuwa na hakika gari litamuumbua mwenyeji wangu. Tulipandisha kilima kimoja kikali, vumbi la nyumba mpya zinazojengwa likituingia, na gari likapanda bila kulalamika. Nilichokiona ni namba kuanguka haraka. Lakini tulipoteremka upande wa pili, namba ilikuwa sabini na moja, mara ikawa sabini na mbili. Nikaikodolea macho. Mimi nimeendesha gari miaka mingi na sijawahi kuona mshale wa mafuta ukipanda bila kupita sheli.

"Hii imeongezeka," nikasema.

"Ukiteremka inajichaji kidogo. Matairi yanairudishia betri."

Nilitikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha nikaandika kwamba huenda namba imechezewa. Njiani simu yake iliita mara mbili, na kila mara alishusha sauti: "Nakuja, mama. Saa tisa nitakuwa mlangoni." Niliwaza kuwa huyo mtu wake ni kisingizio cha kutonionyesha gari likiishiwa, au ni mtu wa kamisheni anayemlipa atuuzie maneno.

Saa tano tulifika Mwenge, namba ikiwa sitini na moja. Kaka yake alitoa waya dirishani mwa karakana, Selemani akauchomeka gari kama anachaji simu. Nikanywa chai na chapati katikati ya vumbi la mpingo, jicho kwenye waya. Saa saba kasoro namba ilifika themanini, na fundi mmoja akahitaji soketi kwa ajili ya msasa wake wa umeme. Selemani akachomoa.

"Mie nakwenda msikitini, halafu nimpelekee shangazi dawa zake hapo nyuma," akaniambia. "Pumzika garini. Ukisikia joto shusha vioo. Eisii usiwashe, braza, hii chaji nimeshaipangia."

Alipopotelea tu nikawasha kiyoyozi hadi baridi ya mwisho. Nikawasha redio na taa. Na vioo nikavishusha vilevile, nikitaka kujua gari lina roho gani. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima jua la Mwenge likichoma bati, naitazama namba ikishuka moja baada ya nyingine, na kila ikishuka nilikuwa na raha. Naisema raha hiyo kwa sababu ilikuwepo. Sababu ya kumpelekea Rehema nilikuwa nimeipata. Niliandika: kiyoyozi, baridi mwisho, vioo wazi, themanini hadi sitini na saba. Niliposikia sauti ya Selemani nikazima kila kitu.

Aliingia, akatazama dashibodi, akakunja uso. "Imeshuka."

"Labda jua," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaanza safari.

Foleni ya Tabata na Buguruni ilitukalia kooni. Selemani hakuwasha kiyoyozi, tukatoka jasho wote wawili. Tulipopita Mbagala aliniambia, akiongea na namba kuliko mimi, kwamba alitaka kufika Chamazi na thelathini na tano. Tulifika saa tisa, namba ikiwa ishirini na mbili. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo hapakuwa na pa kuchomeka.

Mtu wake alikuwa amekaa barazani, tayari. Bi Zuhura, mama mtu mzima wa pwani, amejifunga kanga mbili, mkoba mapajani, uso na miguu vimevimba. Mara mbili kwa wiki Selemani humpeleka hospitali ya Temeke kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake hazifanyi kazi, na saa kumi kamili mashine inamsubiri. Akichelewa, mashine anapewa anayefuata kwenye foleni. Hiyo ndiyo akiba iliyomfanya Selemani akatae abiria wa Kibaha.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mgeni wa Morogoro? Karibu. Gari hili limenipokea kama mwanangu wa kuzaa."

Selemani akanivuta pembeni. "Bora nimwitie mwenye gari la petroli."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikampa ujuzi wangu wa kijiweni. Nyie mnajua, sisi tunaendesha taa ya mafuta ikiwaka hadi kesho yake, na ikikata kabisa tunapiga simu mwenzetu alete kidumu. "Ishirini na mbili ni nyingi," nikamwambia. "Akiba huwa inabaki. Twende, mama anachelewa."

Akanisikiliza, na mama akapanda.

Kabla ya Mbagala Rangi Tatu, kwenye dashibodi ilitokea picha ndogo ya kobe. Sikuelewa hadi Selemani akaguna. Gari likaanza kutambaa kweli kama kobe, bajaji zikitupita na kutupigia honi, kisha likaegemea pembeni na kunyamaza. Nani angeniletea kidumu cha umeme? Selemani akasimamisha bajaji, tukamshusha Bi Zuhura kwa kumshika mikono. Aligeuka akalitazama gari.

"Halijawahi kuniangusha. Leo limepatwa na nini?"

"Betri, mama," Selemani akasema. "Imechoka. Nisamehe."

Mimi nilisimama na mkoba wake mkononi. Niliona aibu, nikampandishia mkoba kwenye bajaji, ukweli nikabaki nao. Selemani alipanda naye bajaji, akaniacha na gari.

Nilisukuma gari na vijana wawili hadi kwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa na umeme, tukachomeka. Selemani aliporudi baada ya saa mbili alikaa kiti cha dereva, akalikuta daftari langu pale nilipolisahau, limefunguka ukurasa ule ule. Alisoma. Sikumzuia.

"Mashine amepewa mtu mwingine," akasema, akinirudishia daftari. "Wamempa muda uliobaki, si wake wote. Atashinda na maji mwilini hadi zamu nyingine. Mie ningekuambia ubaya wote wa gari hili. Ungeniuliza tu."

Nikamwambia, "Nilikuwa sitaki kujua. Nilitaka ushahidi."

Asubuhi, baada ya kulala kwa Selemani Chamazi, nilikwenda barazani kwa Bi Zuhura nikamweleza mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, pumzi zake fupi. "Kumbe betri nzima, mchovu ni wewe," akasema. "Nimekusamehe. Lakini Selemani ndiye aliyelaumiwa, kamwombe yeye."

Nilimwomba. Kisha nikauliza kama mtu mwenye nia njema, naye akajibu yote. Gari linafaa kwa mwendo wa mjini, wa kwenda na kurudi unaojulikana. Kwa safari ndefu nisijidanganye. Betri iliyotumika isinunuliwe bila kupimwa, maana ya kwake imebaki na nusu ya nguvu zake. Mafundi wanaoielewa ni wa kutafuta. Na uwe na mahali pa pili pa kuchaji, siku umeme ukikatika nyumbani. Kamisheni hapewi na mtu.

Nilirudi Morogoro kwa treni ya umeme. Njia nzima nilikuwa na uongo mmoja mzuri tayari: gari liliishiwa Mbagala likiwa na mgonjwa ndani. Kila neno lake lilikuwa kweli, na Rehema angenyamaza kama alivyoahidi.

Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamsomea daftari lote, na ukurasa wa Mwenge nikausoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliusoma mbiombio. Aliendelea kumenya. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo unasemaje?"

"Tutafute yenye betri iliyopimwa. Na uendeshe wewe."

"Sawa. Ila eisii hugusi."

Sasa mnaniona nimekaa kushoto, Rehema akiwa kwenye usukani, mnanicheka. Gari hilo la umeme tulilonunua sijaliamini bado, nalitazama kama mkwe mpya. Ila namba ikishuka kuliko nilivyotarajia, kabla sijamuuliza Rehema kitu, natazama kwanza mikono yangu iko wapi.