Fahali Aliyefutwa Kila Nusu Saa

Kompyuta za ofisi yetu ya vipuri vya pampu pale Kalangalala zilikuwa kila moja na tabia yake, na fundi nilikuwa mimi. Nilipochoka nazo nikapakua programu ya bure, ya zile zinazoachwa wazi ili yeyote azitumie. Kazi yake ni kuzilazimisha kompyuta zote zifanane. Kila nusu saa inapita kukagua, na ikikuta kitu kimebadilishwa, inakirudisha. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Sasa mzee wetu wa stoo alikuwa ameweka kwenye kioo cha kompyuta yake picha ya fahali wake aliyeko kwao Maganzo. Nusu saa, fahali hayupo. Anamrudisha, anafutwa tena. Mzee hakuishuku kompyuta, alimshuku katibu muhtasi, binti aliyewahi kucheka kwamba fahali yule amenuna kuliko mwenyewe. Akaacha kumwitikia. Kila asubuhi binti anasema shikamoo, mzee anahesabu boliti. Siku ya tano binti akaniambia, machozi yanamlengalenga, kwamba anaandika barua ya kuacha kazi. Hajawahi kunyimwa marahaba na mtu wa umri wa baba yake.

Niliona aibu, lakini woga ulinizidi, nikaamua kurekebisha kimyakimya. Programu ile hukaa ndani ya kifurushi kiitwacho kontena, na kontena hutoka kwenye imeji kama tofali linavyotoka kwenye kalibu. Nikaingia ndani ya kontena, nikaiamuru programu iache picha za watu. Fahali akashinda kiooni kutwa, na mzee akaanza kupiga mluzi. Nikamwomba binti asubiri kidogo na barua yake.

Kesho yake umeme ukakatika, ukarudi. Kontena likafyatuliwa upya kutoka imeji ileile, halina habari na nililoliambia jana. Nilikuwa nimekwangua tofali, kalibu nikaiacha vilevile. Na mimi ndiye najiita fundi. Fahali akatoweka mbele ya macho ya mzee, binti ndiyo kwanza anaingia na chai.

"Mwanangu," mzee akasema, "ng'ombe wangu amekukosea nini?"

Binti akaweka chai mezani, akaenda kuchukua mkoba wake. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, ni mimi."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza kama anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Kisha akamfuata binti mlangoni, yeye mkubwa, akamwomba radhi mbele yetu sote. Binti akasema shikamoo kwa sauti ndogo. Mzee akamwitikia marahaba ndefu iliyosikika hadi barabarani, nami nilifurahi mpaka nikajisahau.

Mchana ule nikaijenga upya imeji yenyewe, na fahali hajaguswa tena. Asubuhi nikawahi stoo, nikamwamkia mzee kwa adabu zote. Akanitazama kwa utulivu.

"Shikamoo hiyo upelekee mtambo wako," akasema. "Ukikuitikia, njoo uniambie."