Zamu ya Gari la Baba

Mshona mapazia alikuwa na hasira hata kabla ya kuwasha gari. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kwa sababu mdogo wake wa mwisho ana miguu mirefu na hajawahi kukirudisha. Sakafuni maganda ya karanga. Tangi tupu, kama kawaida, maana katika familia ile mtu humaliza zamu pamoja na mafuta yake. Na siku hiyo, kati ya siku zote, alikuwa anampeleka mama yao kupasuliwa jicho.

Jicho la kushoto lilishakwenda. La kulia ndilo lililobaki, na lenyewe lilikuwa limeanza kuona ukungu. Miadi hiyo walikuwa wameisubiri miezi mitano, na daktari alishasema wazi: saa tatu kamili, akichelewa anarudi mwisho wa foleni, na jicho hilo halina miezi mingine mitano ya kungoja.

Gari lilikuwa kubwa, la viti saba, lililoinuka juu kama linachungulia nyumba za watu. Marehemu baba yao alilinunua alipostaafu, akasema ni la familia, akafariki bila kufafanua. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina lake. Kwa miaka minne watoto watatu walikutana kuamua liandikwe jina la nani, na kila kikao kiliisha kwa mmoja wao kuondoka bila kuaga.

Walichokubaliana ni zamu tu. Mwezi wa dada mtu, yaani mshona mapazia, mwezi wa mdogo wake aliyekuwa mwalimu, kisha mwezi wa kitindamimba, waliyemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kufungua redio ya nyumbani akashindwa kuifunga. Sheria ilikuwa moja: ubovu ukionekana kwenye zamu yako, unatengeneza wewe. Ilisikika kama haki tupu. Basi hakuna aliyetaka kuuona ubovu. Breki zikilia, wanaongeza sauti ya muziki. Shokomzoba ikigonga, wanaendesha polepole mpaka mwisho wa mwezi, halafu wanakabidhi funguo huku wanatabasamu. Watu wazima, wenye akili zao!

Asubuhi hiyo, katikati ya mlima, gari likaishiwa nguvu. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua, kisha mvuke ukafumuka kwenye boneti mpaka barabara haikuonekana. Bahati yao kulikuwa na gereji hatua chache nyuma yao, wakalirudisha kinyumenyume yeye na fundi wa hapo mpaka kivulini. Mama alibaki kiti cha nyuma, bahasha ya vipimo mapajani.

Fundi alifungua boneti, akatikisa kichwa. "Rejeta imekauka kitambo, dada. Injini imeungua. Hili halitoki hapa leo."

Mshona mapazia akawapigia wadogo zake wote wawili kwa pamoja, akaweka sauti kubwa ili mikono yake ipate nafasi ya kurushwarushwa.

"Mmeniua!" alifoka. "Nani alikuwa analiendesha bila maji?"

"Dada, zamu ya nani sasa hivi?" mwalimu akauliza, kwa sauti ile ile ya kumsimamisha mtoto darasani.

"Usiniletee habari za zamu! Mama yuko njiani hapa!"

"Mimi nilisema tangu mwanzo liandikwe jina langu," Injinia akadakia. "Lingekuwa langu ningelitunza."

"Lingekuwa lako ungelitafuna kama karanga zako!"

"Na wewe unavyobebea mapazia, gari la familia limegeuka kuwa la biashara," Injinia akarudisha.

Waliendelea hivyo, kila mmoja akikumbuka betri aliyonunua yeye na tairi aliloziba yeye. Fundi alikuwa ameingia ndani ya gari, ameinamia dashibodi.

"Dada, samahani. Taa ya joto haikuwaka?"

"Haikuwaka hata kidogo."

Fundi akakwangua kwa ukucha. Akainua kipande kidogo cha utepe mweusi. "Itawaka vipi na imezibwa? Huu nani kauweka?"

Kwenye simu mwalimu akasema, "Mimi niliukuta." Injinia naye, taratibu: "Na mimi niliukuta."

Hakuna aliyemtaja dada yao, na hapakuwa na haja. Utepe ule ni wa kushikia pindo, upo mezani kwake, kando ya cherehani. Aliuweka miezi miwili nyuma, zikiwa zimebaki siku mbili zamu yake iishe, taa ilipokuwa ikiwaka na kuzima. Alijiambia ni waya tu. Zamu iliporudi akaukuta utepe pale pale, akashukuru kwamba wenzake wameendesha miezi miwili bila tatizo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Saa ngapi?" mama akauliza kutoka nyuma.

"Saa tatu kasoro robo, mama." Hospitali ilikuwa bado mwendo wa nusu saa.

Mama hakupaza sauti, lakini simu ilikuwa wazi na wote watatu walimsikia.

"Mkimaliza kuamua gari ni la nani, wanangu, muamue na mimi ni wa nani."

Akaanza kutafuta kitasa cha mlango, akipapasa kioo, kisha kiti, kisha kioo tena. Binti yake akazunguka gari mbio, akafungua mlango, akamshika mkono. Mama akautoa mkono wake taratibu, akashuka mwenyewe, akitangulia kupapasa ardhi kwa mguu.