UTI haikumwacha binti yangu, kumbe amekosa jua hapa hapa Ukambani

Wakuu, salamu popote mlipo. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mwenyewe, na mpaka leo nikiyakumbuka natikisa kichwa.

Naishi Mlolongo na mke wangu na binti yetu Mwende, ambaye hajaanza shule. Kazi yangu ni kuvunja mawe kwa kwari, kwa hivyo mambo ya vumbi msinifundishe.

Flat tunayokaa niliichagua kwa sababu ya dirisha la sebuleni. Kubwa, linatazama mashariki, jua la asubuhi linafika mpaka kwa kiti.

Shida ilikuwa vumbi. Mtoto alikohoa sana, nikaziba kila ufa wa dirisha kwa gundi ya silicone. Nje nako ni malori tu, hakuna pa kuchezea. Mwende akawa mtoto wa ndani, anacheza hapo kwa mwangaza, nami naenda kazini roho imetulia.

Halafu UTI, yale maambukizi ya njia ya mkojo, ikaanza.

Homa inapanda. Anabana mkojo kwa kuogopa uchungu, na akikojoa analia mpaka mama yake analia naye. Tunapewa antibiotic, anapona, tunashukuru Mungu. Kabla hatujasahau, imerudi.

Tulilaumu kila kitu. Maji ya chumvi ya bowser, lile lori la maji, sabuni, poti. Tulipomaliza vitu tukaanza kulaumiana sisi wenyewe.

Mwishowe tulitumwa hospitali moja Machakos mjini, kwa daktari wa watoto. Daktari huyo hakutuficha: UTI ikiendelea kurudi hivyo, figo zinaweza kubaki na makovu ya maisha. Akaagiza mkojo upimwe upya, figo zipigwe picha, na damu itolewe.

Figo zilikuwa sawa. Damu ndiyo ilinimaliza.

"Baba Mwende, vitamin D ya huyu mtoto iko chini sana. Yeye huota jua?"

Nilitaka kucheka. Mimi ni mtu wa Kithyoko. Kwetu tunaombea mvua, jua tuko nalo la kugawia majirani.

"Daktari, huyu jua ndio rafiki yake. Asubuhi yote anakaa kwa dirisha."

"Na hiyo dirisha hufunguliwa?"

"Hapana. Niliziba juu ya vumbi."

"Basi anapata joto na mwangaza tu. Ile miale ngozi inatumia kutengeneza vitamin D, kioo inazuia."

Mke wangu aliniangalia, kisha akaangalia sakafu. Dirisha lile lile nililokuwa naonyesha wageni.

Daktari alituambia hiyo vitamin inasaidia mwili kupigana na bakteria, hata huko kwa kibofu. Hakusema ndiyo sababu peke yake. Alitibu UTI, akaandika matone ya vitamin D kwa kipimo chake, akasisitiza maji ya kutosha na mtoto asibane mkojo. Tafadhali msikimbilie chemist kununua bila kupima, ikizidi inadhuru.

Jumamosi tukapanda na Mwende juu ya paa, pale tunapoanika nguo. Nguo zetu zilikuwa zinapelekwa kwa jua kila wiki. Mtoto wetu, hata mara moja.

Alipotoka mlangoni alifunika macho kwa mikono yote miwili, akaning'ang'ania mguu.

"Baba, zima."

Alikuwa ananiomba nizime jua. Mimi, ninayeshinda nikilitukana kule kwari, nilisimama pale machozi yakinitoka.

Siku hizi mkojo ukipimwa unatoka safi, ingawa kliniki bado tunaenda. Kule paa sasa anajificha nyuma ya mashuka, na kumshusha ni vita.

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kumkinga mtoto mpaka ukamnyima.

Sasa niulize nyinyi wenye watoto wa flat: wako alikanyaga nje lini? Kama jibu lako linaanza na dirisha, karibu hapa chini tuongee.