Bibi Harusi wa Kila Jioni

Jumatatu nimelichana tangazo la msiba lililobandikwa ukutani pale soko la Ede, na anayetaka kunishtaki anishtaki. Picha ilikuwa ya Asabi kweli, na kilemba chake kile cha buluu, lakini chini yake watoto wa mume wangu walikuwa wameandika: "Mke mpendwa wa marehemu Bwana Adeyanju." Mke! Mimi ndiye mke wa tatu wa Adeyanju. Nimemzalia watoto wanne, nimemsongea ugali wa amala mpaka viganja vikaota sugu. Wake wenzangu nawajua kwa majina na kwa midomo yao. Asabi hakuwamo.

"Mama Gbenga, umri huo bado unachana karatasi barabarani?" akaniuliza Kunle, mtoto wa mke mkubwa. "Sisi tunampa heshima. Mwanamke mzima azikwe bila jina la mume?"

"Jina analo," nikamwambia. "Hujazaliwa wewe, watu walikuwa wanalilipia kiingilio."

Mama yake Asabi alikuwa mtia rangi nguo, vidole vya buluu mpaka kwenye kucha. Baba yake alikuwa mkali. Siku lori la kundi letu la maigizo lilipopita Ede, mzee yule alimwambia bintiye, "Hao ni ombaomba wenye ngoma. Ukilipanda hilo, usirudi." Akalipanda. Alikaa juu kabisa, juu ya mapazia na ngoma, wala hakugeuka nyuma.

Wakati ule kila mwanamke wa jukwaani alikuwa mke wa Bwana Adeyanju, mwenye kundi. Msitucheke, sababu ilikuwepo. Unamfundisha binti miaka miwili kuimba, kucheza na kufa jukwaani, mnafika Ilorin, mfanyabiashara mwenye joho pana anamwona, asubuhi hayupo. Bwana akaona dawa ni ndoa. Alituoa sita. Ugomvi wetu wa nyumbani tukaupandisha jukwaani, watu wakafa kwa kicheko, hawajui kwamba kofi la Mama Kunle lilikuwa la kweli.

Asabi peke yake alikataa. "Mzee," alimwambia, "wake unao. Unachohitaji ni bibi harusi."

Na bibi harusi alikuwa yeye. Kwetu binti akitoka kwa wazazi wake huomboleza kwa ghani: huwasifu wazazi, huwasifu wa ukoo wake, husema yote yaliyo moyoni, na wasichana wenzake humwitikia. Asabi alighani hivyo kila jioni, na kila mji aliutilia sifa za koo zake, bila kuandikiwa neno. Wanawake wa sokoni walilia mpaka vilemba vikawafunguka.

Kisha ikaja filamu. Bwana alileta mpiga picha kutoka Lagos, na hapo ndipo alipomkaba Asabi. "Jukwaani bibi harusi akinitoroka, kesho naweka mwingine," alisema. "Filamu haibadilishwi. Olewa nami, la sivyo nafasi anachukua Kikelomo."

Kikelomo, mke wa sita, alikuwa na sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Nilimwonea Asabi huruma. "Mdogo wangu, kubali tu," nilimwambia. "Ukiwa wa saba, kila mmoja ana siku yake ya juma, tutapumzika."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Dada, nikishakuwa mke wake, nani atasema Asabi anajua kuigiza? Watasema Adeyanju ana wake hodari."

Hivyo ndivyo walivyosema juu yangu maisha yangu yote.

Bwana hakungoja akubali. Alitangaza mji mzima kwamba harusi ya kwenye filamu itakuwa harusi yenyewe. Akaleta mahari ya kokwa za kola, asali na viazi vikuu, akakusanya wazee wa koo zote mbili. Hata baba yake Asabi alikuja, mzee aliyekuwa hajamtazama usoni tangu siku ya lori. Mbele ya baba yake na mbele ya kamera, Bwana aliwaza, atathubutu? Mpiga picha akasema mkanda uliobaki ni wa mara moja tu.

"Mzee, huu ni mchezo au ni kweli?" Asabi alimwuliza mbele yetu sote.

"Wewe ghani tu," Bwana akasema, akitabasamu ndani ya joho lake.

"Haya. Nitaghani."

Akapiga magoti, kamera ikaanza kunguruma.

"Mama mwenye vidole vya buluu,
rangi uliyonipa haijachuja.
Baba, ulinifukuza kwa sababu ya lori,
leo umekuja kunikabidhi kwa mwenye lori!
Nimekuwa bibi harusi kila jioni, kila mji,
na kila jioni nimelala kwangu.
Adeyanju, asali yako ni tamu, warudishie walioibeba.
Mimi ni bibi harusi wa watu wote,
si mke wa mtu."

Ghani isiyoitikiwa hufa, na aghaniye huaibika milele. Tuliopangwa kuitikia tulikuwa sisi, wake zake sita, tumevalishwa kama wasichana. Mume wangu ananikodolea macho. Nikasema liwalo na liwe, nikapaza sauti: "Si mke wa mtu!" Aliyenifuata alikuwa mke mkubwa mwenyewe. Kikelomo naye, na mlango wake. Kisha uwanja mzima.

"Simamisha!" Bwana akapiga kelele.

"Mkanda umekwisha, Mzee," mpiga picha akajibu. Alidhani ndiyo hadithi yenyewe.

Baba yake Asabi alikuwa akicheka mpaka machozi. "Huyo wangu," akawaambia waliokaa naye. "Huyo ni wangu."

Bwana angeitupa filamu, lakini hakuwa na nyingine. Akaionyesha. Watu walirudi mara tatu kuangalia anavyokataliwa, na aibu ile ikamlisha miaka mingi. Asabi aliigiza naye mpaka Bwana alipokufa, kisha akajenga nyumba yake Ede, na juu ya mlango akaandika jina lake peke yake.

Jana tumemzika. Kabla ya hotuba nililazimisha filamu ile ionyeshwe ukutani. Kunle alikuwa mbele, ameshika karatasi yake yenye "mke mpendwa". Asabi akapiga magoti pale ukutani, kijana, akaghani mpaka mwisho. Tumebaki wake wawili, mimi na Kikelomo, na magoti yetu mabovu. Tukasimama tuitikie.

Lakini kwenye picha tulikuwa bado sita, na Kunle akamwona mama yake, aliyekufa miaka mingi iliyopita, amefumbua kinywa chote anaitikia. Akaikunja ile karatasi.

"Si mke wa mtu," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikamwambia apaze sauti.