Mwezi Aliobuni Tatu

Tangu Bushiri apofuke, mdogo wake Tatu ndiye aliyemsomea. Bushiri alikuwa fundi redio mtaa wa Gerezani na alipenda habari za anga tangu ujanani. Kila jioni Tatu alirudi kutoka Kariakoo, alikouza vitenge, miguu ikimwaka moto, akamkuta kaka yake anamsubiri na simu mkononi.

"Haya, nisomee ile miezi midogo."

Ni miezi ya Zohali, ile sayari kubwa. Wataalamu walikuwa wamegundua mingine zaidi ya mia: vipande vya mawe tu, vingi havina hata umbo la duara, vinazunguka mbali huko, na vingi vyao vinakwenda kinyume na sayari yenyewe inavyojizungusha. Bushiri hakuchoka kuvisikia.

"Na wale jamaa wabishi wanaorudi nyuma?" aliuliza, akicheka.

Jioni moja Tatu alikuwa hoi. Aliishika simu, hakusoma hata neno. "Wanasema kuna kamoja kameanza kung'aa," alibuni. "Kesho baada ya Maghribi tutakaona kwa macho, hapahapa Dar."

Akaenda kulala, akasahau.

Kesho yake alimkuta Bushiri juu ya ghorofa, kavaa kanzu safi, majirani wamemzunguka. Amewaita mwenyewe, na sasa anawaonyesha upande wa bandarini.

"Mzee, mbona hatuoni kitu?" aliuliza Theophil wa chumba cha chini.

"Tazama vizuri. Dada yangu kasoma."

"Labda kakosea."

"Tatu hakosei."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka chinichini. Tatu aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kaka, sikusoma," alisema mbele yao wote. "Nilikuongopea. Nilichoka."

Bushiri alipapasa ukuta, akaushika.

"Si ungeniambia umechoka," alisema taratibu. "Ningekuelewa."

Siku hizi anayemsomea ni Anifa, jirani yao. Tatu huosha vyombo jikoni akimsikia binti wa watu anavyojikwaa kwenye majina ya miezi. Ameomba radhi, amesamehewa, lakini simu hajapewa tena.

Jana Bushiri alimwita. "Tatu, acha vyombo. Njoo usikilize na wewe."

Alikaa mkekani, mikono bado ina povu. Anifa akaendelea kusoma.