Marahaba ya Shangazi

Mimi nina hasira za karibu, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani katika haya ninayoyasimulia mimi ndiye niliyeonewa. Sikuonewa. Nilifungua mdomo pasipotakiwa, nikapata nilichostahili, na aliyeninusuru ni mama mmoja mnene kutoka Dar es Salaam aliyevaa raba za rangi ya machungwa.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Nikiwaambia hivyo watu wa hapa Tabora wananicheka waziwazi. Unawatembeza wapi, wananiuliza, kwenye vumbi? Wasafiri wengi wanaujua mji wetu kwa stesheni tu: unashuka, unanyoosha miguu, unanunua asali, unabadilisha treni ya Kigoma au Mwanza au Mpanda, basi. Jambo hilo lilikuwa likiniudhi tangu nilipokuwa mwalimu wa jiografia. Nilipoacha ualimu nikanunua baiskeli nne, nikaanza kupeleka wageni bwawa la Igombe kuangalia ndege, na msituni kwa warina asali kuona mizinga inavyotundikwa juu ya miti. Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni matembezi ya asubuhi kwenye njia ya zamani ya misafara.

Ukiiona usije ukasema nimekudanganya, maana ni njia ya miguu tu. Inaanzia nyuma ya nyumba za mwisho za mji, inapita kwenye mashamba ya karanga na mihogo, inaingia msituni na kutokea kijiji cha pili. Ni nusu siku ya kutembea. Wapagazi walipita hapo na pembe za ndovu vichwani kwenda pwani, na wengine walipita hapo wamefungwa minyororo. Ukitembea kimya kwa saa moja unaanza kuwafikiria wenyewe, bila mtu kukuhutubia. Mimi huwa nahutubia hata hivyo.

Katikati ya njia hiyo lipo shamba la shangazi yangu.

Ni dada wa baba, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka sita. Kuendesha baiskeli alinifundisha yeye, kwenye njia hiyohiyo: khanga kaikaza kiunoni, anakimbia nyuma ameshika keria, halafu anaachia bila kuniambia. Nimerithi jina la babu, yaani baba yake mzazi, kwa hiyo tangu utotoni ameniita baba. Kila nilipopita nilisema, "Shikamoo, shangazi," naye alijibu, "Marahaba, baba," huku akiivuta ile baba kwa mzaha, kikongwe anamwitikia mzazi wake aliyevaa kaptura. Sikuwahi kuifikiria salamu hiyo. Ilikuwepo tu kila siku, na mimi nikaizoea.

Ugomvi ulianza wakati wa palizi. Nilikuwa nategemea wageni wawili wenye kamera kubwa, nikaenda siku moja kabla kumwomba shangazi jambo ambalo niliona ni dogo. Nilimkuta shambani amevaa jezi ya mpira ya mjukuu wake. Nikamwambia kesho avae kaniki, akae uani atwange mtama kwenye kinu wakati tunapita.

"Nitwange mtama wa nini na mashine iko pale sokoni?"

"Wageni wanapenda vitu vya asili, shangazi."

"Mimi si kitu cha asili," alisema. "Mimi ni mkulima. Na hao wageni wako waambie wasipite tena hapa, wanakanyaga karanga zangu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia darasani, "Njia hii ilikuwepo kabla yako, na itaendelea kuwepo ukishaondoka."

Kumwambia mtu wa umri ule ukishaondoka ni kumchimbia kaburi akiwa amesimama. Niliona maneno yalivyomwingia. Alifuta jembe kwa majani, taratibu, akaenda ndani. Kesho yake nilipofika na wageni wangu, njia ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miiba, pale inapoingia shambani na pale inapotokea. Yeye alikuwa anapalilia. "Shikamoo, shangazi," nikasema. Akanitazama anavyomtazama mbuzi wa jirani, akaendelea na kazi yake.

Mtu akikunyima marahaba kwetu huku hana haja ya kukutukana. Nilirudi na sukari, akaipokea na kushukuru. Nilirudi na kitenge, akakipokea, akaniambia mvua za mwaka huu si mbaya. Nilimtuma mchungaji, akamkaribisha, akampikia wali na kuku, na mchungaji akarudi kwangu ameshiba bila jibu lolote. Kila nilipokwenda nilianza na shikamoo, na kila nilipoondoka nilikuwa sijaitikiwa. Miezi mitano ilipita hivyo. Wageni nikawa nawapitisha barabara kuu, malori yanatumwagia vumbi, mpaka mmoja akaniambia kwa upole kwamba hata kwao barabara zipo. Nilikasirika, kisha nikakaa chini na kukubali kwamba nilichokuwa nakitaka hasa haikuwa njia. Nilitaka shangazi aniitikie kabla mmoja wetu hajafa. Nilikuwa na hamu naye sana.

Mwezi wa sita ndipo wakaja kina mama wa Dar. Walikuwa kumi na mmoja, kikundi cha jogging, wanaokimbia pamoja kila Jumamosi na kusafiri mara moja kwa mwaka. Walishuka kwenye treni wakiwa na fulana za kufanana, na kiongozi wao alikuwa yule mama wa raba za machungwa. Hakuniacha hata nimalize kuwakaribisha.

"Mwaka jana tulikwenda Unguja," alisema. "Tukapanda boti, tukaogelea na pomboo, tukala pweza ufukweni. Sasa kaka, wewe una nini?"

"Nina njia," nikasema.

"Njia? Dar zimejaa."

Nimeshasema nina hasira za karibu. Niliapa moyoni kwamba wataiona njia yenyewe, si barabara ya malori. Mpango wangu ulikuwa wa kitoto: tutoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuzunguke ile miiba kupitia mihogo ya jirani, tuvuke kimyakimya kabla shangazi hajatoka uani. Kina mama kumi na mmoja kimyakimya. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, umande kwenye nyasi, nao wakawa wanaimba tangu nyumba ya mwisho. Tulipofika kwenye miiba, kiongozi wao akasimama.

"Nani kaziba?"

Ningeweza kusema ng'ombe wanasumbua. Lakini nilikuwa nimechoka kuibeba habari hiyo peke yangu, nikawaeleza yote, hadi lile neno nililomwambia. Mmoja akasema, "Hapo ulikosea, kaka." Nikasema najua.

"Shangazi yako ni kabila gani?" aliuliza kiongozi.

"Mnyamwezi. Sisi wote Wanyamwezi."

Akashika kiuno. "Mimi Mzaramo. Kumbe nimefika kwa watani zangu na nimekaa na adabu zangu tangu stesheni."

Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi nilikuwa nikiufundisha darasani. Niliwaeleza wanafunzi, na baadaye wageni, kwamba ulitokana na safari hizohizo za wapagazi wetu kwenda pwani. Kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana na kuchukua kitu chako, na ukikasirika aibu ni yako. Niliueleza vizuri sana, kama jambo la watu waliokwisha kufa. Kwa miezi mitano nilikuwa nimehangaika na sukari na mchungaji, haikunijia hata siku moja kumtafuta mtani.

Mama yule akajizungushia khanga mikononi, akavuta matawi ya miiba na kuyatupa pembeni. Kisha akaenda moja kwa moja uani kwa shangazi. Hakubisha hodi. Hakusema shikamoo, na shangazi anamzidi miaka kama ishirini.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anabangua karanga. Mama wa Dar akasimama mbele yake.

"Nyie wapagazi," alisema, "pembe zetu mlizifikisha wapi? Babu yangu alizisubiri mpaka akafa."

Shangazi akampandisha na kumshusha kwa macho, kuanzia raba hadi kilemba. "Mzaramo," alisema. Hakuwa anauliza.

"Mzaramo."

"Ndiyo maana hujabisha hodi. Kwenu hakuna milango?"

"Ilikuwepo. Mlipokuja kupumzika mkaondoka nayo."

Akaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa, akavuta ungo mapajani na kuanza kutafuna karanga. Shangazi akampiga kofi mkononi. "Hizo za mbegu, mwizi wa pwani wewe. Kula za kuchemsha." Akanyanyuka mwenyewe kuleta sufuria. Mtani akamwambia anatembea kama mpagazi aliyekula mzigo wake njiani, na hapo shangazi akacheka. Alicheka kwa sauti, mkono kifuani, mpaka akashika nguzo ya jiko. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu palizi, na nilijificha nyuma ya kina mama wengine ili nisikiharibu.

Karanga zilipopungua, mtani akajifuta mikono. "Sasa nina mashtaka," alisema. "Mpagazi niliyempata hapa kwenu amenipitisha kwenye miiba. Mpagazi gani asiyeijua njia?"

Kina mama wengine wakasogea pembeni, nikabaki nimesimama wazi. Shangazi akanitazama, na safari hii hakunitazama kama mbuzi.

"Huyo?" alisema. "Huyo si mpagazi. Hajabeba kitu tangu azaliwe. Ana mdomo tu."

"Basi abebe."

Shangazi akafikiri kidogo, akaingia ndani, akatoka anaburuta nusu gunia la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Akasema ni ya mdogo wake, kijiji cha pili, ng'ambo ya msitu. Nikasogea kulitupia begani. Akasema hapana, kichwani. Akavua khanga ya mabegani, akaisokota ngata, akaniambia niiname. Mimi ni mrefu, ikabidi nipige magoti.

Akaniwekea ngata kwa mikono yote miwili na kuibonyeza ikae sawa. Mikono ilinuka udongo na karanga. Akainama karibu na sikio langu.

"Ni kweli njia ilikuwepo kabla yangu," alisema polepole. "Lakini mimi bado nipo."

"Upo, shangazi," nikasema. "Nisamehe. Nilisema vibaya."

Kina mama wawili wakanitwisha gunia, nikainuka nimelishika kwa mikono miwili. Machozi yakanitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Wote waliona, na kwa watu wa Dar walikuwa na huruma, hawakunicheka.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

Akalisogeza gunia kidogo upande wa kulia. "Tembea kwanza," alisema.

Nikatembea. Yeye akachukua panga na kututangulia kuvuka shamba, haraka kuliko nilivyodhani anaweza bado, jezi ya mjukuu wake ikining'inia magotini. Mimi nikamfuata na kina mama kumi na mmoja nyuma yangu, mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye njia ile nyembamba, karanga pande zote mbili. Shingo iliuma kabla hata hatujafika nusu ya shamba. Nimewahutubia wageni wangapi juu ya mizigo ya wapagazi, na siku ile ndiyo kwanza nilijua kwamba ukibeba huoni mbingu wala hugeuki, unaona visigino vya aliyetangulia tu. Visigino vilikuwa vya shangazi, vimepasuka, ndani ya malapa ya buluu.

Mwisho wa shamba, kwenye miiba ya pili, alisimama. Akaikata, akaisukuma kwa mguu na kwa panga, akaitoa yote hadi njia ikawa wazi mpaka msituni. Kisha akajitenga pembeni tupite. Nilimpita karibu kabisa, nikaona upindo wa jezi na panga, uso sikuuona. Sikusalimia tena, maana nilikwisha kusalimia na salamu yangu ilikuwa bado iko kwake.

Nilikuwa nimepiga hatua kama sita niliposikia nyuma yangu.

"Marahaba, baba."

Aliivuta ile baba vilevile kama zamani. Nikasimama. Nilitaka kugeuka nimwone, lakini gunia lilikuwa limeishika shingo na sikuweza, nikabaki nimekodolea macho miti iliyo mbele.

Mtani wake akanigusa mgongoni kwa kidole. "Twende, mpagazi," alisema. "Pwani bado mbali."